Pedali ya wawa: namna ya kuichagua, kuifunga na kuisemesha

Kabla hujatoa hela mfukoni, fanya jaribio hili hapohapo ulipokaa. Nong'ona, bila kutoa sauti ya kooni: u… o… a… e… i. Nenda polepole na usikilize pumzi inavyopita mdomoni. Utasikia kitu kinapanda kama mluzi unaotoka chini kwenda juu, ingawa hujaimba noti yoyote. Hicho kinachopanda ndicho ambacho pedali ya wawa inakifanya kwenye gitaa la umeme. Kisigino kikiwa chini, gitaa linasema u. Ukisukuma vidole mbele linapita o, linapita a, na ukifika mwisho linasema e, au i kama pedali yako ni kali.

Wengi wetu tulianza vibaya. Tuliona kwenye video mguu wa mpiga gitaa unapanda na kushuka, tukadhani ni kitu cha kupigia mdundo. Mimi nilikanyaga ya kwangu mwaka mzima kama mtu anayejaza upepo tairi la baiskeli, mpaka siku moja mpiga kinanda wa bendi yetu akaniambia baada ya mazoezi, "Kaka, hilo gitaa lako linatafuna tu, halisemi kitu." Iliniuma, lakini nilipokwenda kusikiliza rekodi ya simu nikamkuta na haki yake. Mwongozo huu ni yale niliyotakiwa kuambiwa kabla ya ule mwaka.

Kwanza, ujue kilichomo ndani

Ukifungua bati la chini la pedali ya kawaida utakuta vitu vichache mno: transista mbili, koili moja, kapasita na vizuizi kadhaa, na volyumu moja, ileile aina ya volyumu ambayo fundi redio anakubadilishia. Kwenye ncha ya volyumu kuna gurudumu dogo la meno, na meno hayo yamekutana na kipande kirefu chenye meno kilichoshuka kutoka kwenye kanyagio. Ukikanyaga, kipande kinashuka, gurudumu linazunguka.

Vitu hivyo vyote kwa pamoja ni kichujio. Kinachukua ukanda mwembamba wa sauti na kuunyanyua, halafu kinapunguza vilivyo pembeni. Mguu wako unauhamisha ukanda huo, kutoka takriban hezi 400 (mitetemo 400 kwa sekunde) kisigino kikiwa chini hadi karibu hezi 2,000 vidole vikiwa chini. Mdomo wa binadamu nao hutengeneza irabu kwa kunyanyua kanda fulani za sauti, na ndiyo maana sikio linadanganyika na kusikia gitaa likiongea.

Kifaa chenyewe kilipatikana kwa bahati. Mwaka 1966 huko California, mhandisi Brad Plunkett wa kampuni ya Thomas Organ alipewa kazi ya kupunguza gharama kwenye amplifaya za Vox: aondoe swichi ya bei ghali iliyokuwa inabadilisha sauti za kati, aweke volyumu. Alipoizungusha akasikia gitaa linatoa ule mlio. Sakiti ikaingizwa kwenye kanyagio la sauti la ogani lililokuwa hapohapo karakana, na mwaka 1967 pedali ikaingia sokoni ikiwa na jina la Clyde McCoy, mpiga tarumbeta aliyesifika kwa kuziba na kuzibua mdomo wa tarumbeta yake. Kwa hiyo kanyagio tunalogombania leo ni kanyagio la ogani. Umbo lake halikubuniwa kwa ajili ya mtu aliyesimama na gitaa begani, na mguu wako utalijua hilo kabla ya kichwa.

Hatua ya 1: Amua itafanya kazi gani

Usianze na jina la kampuni. Anza na bendi yako, na nafasi yako ndani ya bendi.

Kama unapiga ridhimu kwenye muziki wa kifanki, gospo ya kisasa au afrobiti, unahitaji pedali laini ya mguuni, itakayovumilia kusukumwa mara nyingi kwa dakika bila kukuchosha. Kama unapiga solo za roki au bluzi, unahitaji mwendo mrefu, ili kati ya u na e kuwe na nafasi ya kusimama popote. Kama kazi yako ni sebene, nitakwambia ukweli: huenda huihitaji kabisa, au unaihitaji kwa namna moja tu nitakayoieleza mbele. Na kama wewe ni mwimbaji anayejipigia gitaa mwenyewe, mguu mmoja, mikono miwili na mdomo ni mizigo mingi. Fikiria wawa ya kujiendesha, ile inayofungua na kufunga kichujio kulingana na ulivyopiga nyuzi kwa nguvu. Haina kanyagio. Ukipiga kwa upole inabaki u, ukipiga kwa nguvu inafunguka. Maarufu ya namna hiyo ni Mu-Tron III ya miaka ya 1970, na siku hizi karibu kila mashine ya efekti nyingi ina yake ndani.

Wapiga besi nao wana za kwao, zinazoacha sauti nzito ipite bila kuguswa. Ukitumia ya gitaa la kawaida kwenye besi, utashangaa chini kote kumekauka.

Hatua ya 2: Chagua aina

Aina ya volyumu na meno ndiyo utakayoikuta kwa wingi. Cry Baby GCB95 ya Dunlop na V847 ya Vox ni za ukoo huu. Cry Baby ni nzito, zaidi ya kilo 1.5 za chuma, na hiyo ni sifa: haikimbii ukiikanyaga. Bei yake mpya Marekani ni kama dola 100, kabla hujaweka usafiri na ushuru. Mlio wake ni mkali kidogo mbele, wa Vox una ulaini zaidi. Ubaya wa ukoo huu ni kwamba volyumu inachakaa, na inapochakaa inakwaruza.

Aina ya pili ni ya mwanga, kama za Morley. Ndani yake hakuna volyumu inayosuguana. Kanyagio linapitisha au kuziba mwanga wa taa ndogo unaopiga kwenye kihisi, na kihisi ndicho kinachoamuru kichujio. Hazikwaruzi kwa sababu hakuna cha kukwaruza. Nyingi pia hazina swichi ya vidole, ile ya kuwashia iliyo chini ya ncha ya kanyagio: ukiweka mguu inawaka, ukiutoa springi inalirudisha kanyagio na pedali inazima. Kwa anayepiga na kuimba ni raha, lakini anayetaka kuiegesha mahali pamoja na kuondoa mguu itamkera. Umeme nao zinakula zaidi kuliko za volyumu.

Tatu ni zenye vitufe vya kurekebisha, kama Dunlop 535Q. Hizo zinakuruhusu kuchagua ukanda uanzie wapi na uwe mwembamba kiasi gani. Ukanda mwembamba unatoa mlio wa kuchonga, unaokaribia mluzi. Ukanda mpana unatoa sauti ya upole inayokaa vizuri chini ya mwimbaji. Kama una uwezo wa kununua moja tu na unapiga mitindo mingi, pesa yangu ningeiweka hapa.

Halafu kuna ndogo. Zinaingia kwenye begi la gitaa, zinavutia sana kwenye picha. Kwa mtu mwenye kiatu namba 44 mwendo wake ni mfupi mno: irabu tano zimebanwa kwenye nafasi ya irabu mbili. Ijaribu kwa mguu wako kwanza.

Na kama tayari una mashine ya efekti nyingi yenye kanyagio, usinunue chochote kwa sasa. Fungua wawa iliyomo humo, fanya mazoezi ya hatua ya 6 kwa miezi miwili, halafu ndipo ujue kama kiu yako ni ya kweli.

Hatua ya 3: Ikague kabla ya kulipa

Hapa ndipo pesa za watu zinapopotelea, hasa kwenye za mkono wa pili, na nyingi zinazotufikia ni za mkono wa pili. Nenda na gitaa lako, kebo zako mbili, na betri mpya ya volti 9 mfukoni. Usikubali kujaribu kwa gitaa la dukani lenye nyuzi zilizoota kutu.

Chomeka gitaa moja kwa moja kwenye amplifaya, piga kodi (chord) ya E iliyo wazi, sikiliza jinsi nyuzi za juu zinavyong'aa. Sasa pitisha kwenye pedali ikiwa imezimwa, piga kodi ileile. Kama mng'ao umepungua kama vile mtu ametupia kanga juu ya spika, hiyo pedali inanyonya sauti hata ikiwa imelala. Cry Baby nyingi za zamani zina tabia hiyo. Si sababu ya kuikataa, kwani fundi anaweza kuibadilishia swichi, ila ni sababu ya kushusha bei.

Iwashe. Usipige kitu. Ongeza sauti ya amplifaya kidogo, halafu sukuma kanyagio polepole sana, sekunde kumi kutoka kisigino hadi vidole. Ukisikia krrr-krrr kama mtu anatembea juu ya changarawe, volyumu ni chafu au imekwisha. Ikikwaruza sehemu moja tu katikati, mara nyingi imelika hapo ambapo mwenye nayo alikuwa anaegesha mguu, na dawa ya kusafisha haitaponya.

Kisha piga uzi wa tano wazi, A, na usukume tena polepole. Sauti ipande bila kuruka. Ikiwa nusu ya kwanza ya mwendo haibadiliki na mabadiliko yote yanatokea ghafla mwishoni, huenda gurudumu la meno limerukwa jino, au mtu ameweka volyumu isiyo yake. Kosa la kwanza linatengenezeka bure kwa dakika kumi. La pili linataka kipuri.

Tikisa kanyagio kushoto na kulia kwa mkono. Kucheza kidogo ni kawaida. Kucheza kama jino la mtoto wa miaka sita si kawaida. Bonyeza swichi ya mbele mara kumi mfululizo. Iwake mara tano, izime mara tano.

Mwisho, omba bisibisi ufungue bati la chini, skrubu nne tu. Muuzaji akikataa, jiulize kwa nini. Angalia kama kuna kijani cha kutu kwenye waya, hasa kama pedali imeishi mwambao, maana chumvi ya hewani haina adabu. Angalia pia kama betri ya zamani imevuja. Mimi niliwahi kununua moja safi kabisa kwa nje, imepakwa mpaka rangi mpya. Nilipoifungua nyumbani, ndani kulikuwa na mayai ya mende na koili iliyoungwa kwa uzi wa waya wa simu. Aliyeniuzia aliniambia ilikuwa ya mzungu.

Hatua ya 4: Umeme

Pedali nyingi za wawa zinataka volti 9, na tundu lake linataka hasi katikati. Tazama mchoro mdogo wa duara karibu na tundu: mstari unaotoka kwenye kitone cha kati uelekee kwenye alama ya kutoa. Adapta nyingi za vifaa vya nyumbani, za ruta za intaneti zikiwemo, zina chanya katikati, na nyingine ni za volti 12. Plagi zinaingia vizuri kabisa. Hapo ndipo hatari ilipo. Ukikosea, kwa bahati nzuri kitaungua kipande kidogo cha kinga. Kwa bahati mbaya kitaungua zaidi ya hicho. Adapta ya kweli ikishapatikana, ifunge utepe mwekundu na uandike WAWA kwa kalamu nene, kwa sababu siku ya shughuli mtu mwingine ndiye atakayekuchomekea gizani.

Kwenye za volyumu, betri si ushamba. Zinakula umeme kidogo sana, betri moja inakaa miezi, na mgao wa umeme au jenereta inayoyumba haikuhusu. Sharti ni moja: kwenye pedali nyingi, kuchomeka kebo ya gitaa ndiko kunakowasha sakiti, hata kama taa haiwaki na swichi imezimwa. Ukimaliza kupiga, chomoa kebo kwenye pedali. Ukiiacha imechomekwa usiku kucha, ndivyo betri za watu zinavyokufa kabla ya ibada ya asubuhi.

Kitu kingine ambacho hakiandikwi kwenye boksi: ile koili ya ndani ni sikio. Ukiiweka karibu na adapta nzito au chini ya amplifaya, itavuta mngurumo na kuukuza. Isogeze nusu mita, au igeuze kidogo upande, usikilize mngurumo unavyopungua. Kuna ukumbi mmoja ambako wawa yangu ilikuwa inanasa redio. Vidole vikienda chini tu, mtangazaji wa mpira anaingia katikati ya wimbo wa mapenzi.

Hatua ya 5: Ikae wapi kwenye mstari

Mpangilio wa kuanzia ni huu: gitaa, tyuna (ya kulinganishia nyuzi), wawa, disto (inayoipa sauti ukali wa roki), halafu mwangwi na rivabu (mwangwi wa ukumbi), kisha amplifaya. Wawa ikiwa kabla ya disto, disto inapokea sauti iliyokwisha kuchongwa na kuipa ukali; irabu zinabaki za kiungwana. Ukiiweka baada ya disto, kichujio kinapata chakula kingi zaidi na mlio unafagia kwa nguvu, kama upepo wa masika kwenye mabati. Jaribu zote mbili, ni suala la kubadilisha kebo tu. Mimi nimebaki na ya kwanza.

Kuna mgogoro mmoja wa kujulikana mapema. Ukiwa na fazi (fuzz, ndugu mkali zaidi wa disto) ya mtindo wa zamani, ya transista mbili, na wawa iko mbele yake, vitu hivi viwili huwa havipatani: fazi inaivuta wawa kwa nguvu, mwendo unapotea, wakati mwingine inapiga yowe lenyewe. Tafuta pedali yenye bafa, sakiti inayozuia pedali moja kuivuta nyingine, uiweke katikati yao, kwa mfano tyuna au kompresa (inayosawazisha noti za nguvu na za upole) ambayo hata ikizimwa bado inapitisha sauti kwenye sakiti yake. Au weka fazi kwanza. Jirani zetu wa Zambia, vijana wa Zamrock, yaani roki ya Kizambia, wa miaka ya 1970, waliishi na fazi na wawa kwa pamoja, na ukiwasikiliza utasikia kwamba ugomvi wa vyombo nao una utamu wake.

Hatua ya 6: Ufundishe mguu

Kwanza kiti au kusimama? Jifunze ukiwa umekaa, ukubali kwamba utaanza tena ukisimama. Ukisimama, uzito wote uwe kwenye mguu mwingine. Kisigino kisiinuke kwenye pedali. Kinachofanya kazi ni kifundo, si goti. Kiatu chenye soli nyembamba kinakupa habari zaidi kuliko raba nene. Malapa yasahau, yanateleza.

Rekebisha pedali kabla ya mguu. Pale ekseli ya kanyagio inapopita kuna nati au skrubu ya kubana: ilegeze kama kanyagio ni gumu, ikaze mpaka kanyagio liweze kukaa popote utakapoliacha bila kuanguka. Kama inabidi uruke juu ya swichi ndipo iwake, fungua nati ya swichi uipandishe kidogo. Kama inajizima kila ukifika mwisho wa mwendo, ongeza kipande cha raba au kitambaa kizito chini ya ncha ya kanyagio.

Sasa zoezi la kwanza, na kwa wiki nzima lifanye hilo tu. Piga uzi wa tano wazi, uache ulie. Kutoka kisigino chini, sukuma kwa sekunde nane nzima mpaka mwisho. Usikilize kwa makini: noti ni moja, A ya hezi 110, lakini juu yake utasikia ngazi ya milio midogo inawaka mmoja baada ya mwingine, kama mtu anafungua madirisha ya nyumba ndefu kutoka ghorofa ya nne kwenda juu. Hiyo ni milio iliyokuwamo ndani ya uzi siku zote, kila mmoja ni 110 mara mbili, mara tatu, mara nne na kuendelea. Kichujio kinaupa kila mmoja zamu yake. Mguu uliozoea kusikia ngazi hiyo hauwezi tena kukanyaga ovyo.

Wiki ya pili, tafuta irabu. Weka alama nne za utepe pembeni ya pedali: u kisigino kabisa, o robo, a katikati, e mbele. Cheza kuhamia alama uliyotajiwa na mtu mwingine. Mtoto wa nyumbani ataifurahia kazi hiyo. Kisha anza maneno. Gitaa halina konsonanti, lakini lugha yetu imejaa irabu, na w inakopeka kutoka u. "Wewe" ni u-e-u-e: piga noti mara mbili, na kila noti ianzie kisigino ifunguke mbele. "Oya" ni o, kimulimuli cha i, halafu a: robo, gusa mwisho haraka, rudi katikati. "Ewaa" ni ngumu zaidi na ndiyo tamu: anzia mbele, shuka hadi kisigino, panda ukae katikati, na noti iendelee kulia. Siku nilipoipata "ewaa", mama mkwe alikuwa sebuleni akaitikia.

Mkono wa kulia unaweza kuongeza konsonanti. Ukigusa nyuzi kwa kiganja wakati wa kupiga, noti inaanza kwa kitu kama b au m. Ukipiga kwa ncha ya piki, wazi, inaanza kama t.

Wiki ya tatu ndipo uingie kwenye mdundo. Weka ngoma ya simu kwenye mapigo 80 kwa dakika. Sukuma mara moja tu kwa kila mapigo manne: mawili kwenda, mawili kurudi. Ukishaweza bila kuangalia, moja kwa kila mapigo mawili. Halafu zima nyuzi zote kwa mkono wa kushoto, mkono wa kulia upige chaka-chaka-chaka-chaka, mara nne kwa kila pigo, na mguu ubaki kwenye pigo: vidole vinashuka kwenye moja, kisigino kwenye mbili. Kosa la karibu kila mtu ni mguu kuufuata mkono. Mkono unakimbia, mguu unatembea. Utangulizi wa wimbo wa filamu ya Shaft ya mwaka 1971, aliopiga Charles Pitts, ni darasa la jambo hilo: usikilize ukizuia mkono, ukitikisa mguu tu.

Hatua ya 7: Kuiegesha

Haya ndiyo matumizi ninayoyapenda kuliko yote, na hayaonekani, kwa hiyo hakuna anayekupigia makofi. Washa pedali, tafuta mahali ambapo gitaa linasikika kama mtu anayeongea kidogo kwa puani, kidogo juu ya katikati, kisha uondoe mguu. Sasa una sauti ya kati iliyochongoka ambayo itapenya kati ya kinanda, magitaa mengine na tarumbeta bila wewe kuongeza volyumu hata kidogo.

Hapo ndipo sebene inapoingia. Gitaa la solo la sebene linataka usafi na kasi. Mdundo wake uko kwenye vidole, na ukiongeza mguu unaopanda na kushuka unaweka mdundo juu ya mdundo, noti zinatiwa matope. Lakini mpiga mi-solo, aliyebanwa kati ya ridhimu na solo, anaweza kuegesha wawa karibu na a na ghafla kila mtu akamsikia. Kwenye benga vilevile, kama unapiga gitaa la pili. Kwenye gitaa la kwanza la benga, iache nyumbani.

Kwa wapiga gitaa wa kanisani: wawa isitumike mchungaji anapoomba. Nimeona.

Matunzo

Vumbi ndilo adui wa kwanza. Ifunike kwa kitambaa baada ya kupiga, na usiibebe ikiwa wazi kwenye bodaboda. Ikianza kukwaruza, nunua dawa ya kunyunyizia ya kusafishia viunganishi vya umeme, ile inayokauka bila kuacha mafuta. Usitumie mafuta ya taa, usitumie mafuta ya cherehani. Chomoa umeme, fungua bati la chini, ingiza mrija mwembamba kwenye tundu la mwili wa volyumu, nyunyiza mara moja fupi, halafu sukuma kanyagio huku na huko mara hamsini. Acha ikauke robo saa.

Kama mwendo umehama, gitaa limekuwa zito mno au kali mno, legeza kile kishikizo kinachobana meno, nyanyua kipande chenye meno, zungusha gurudumu jino moja, rudisha, usikilize. Jino moja kwa wakati, na kabla ya kuanza chora mstari kwa kalamu mahali gurudumu lilipokuwa, ili njia ya kurudi uwe nayo.

Volyumu ikifa kabisa, ya kubadilisha kwenye Cry Baby ni ya kilo-omu 100, lakini si kila ya 100 inafaa: thamani yake hupanda kwa mwendo wa pekee, na ncha yake lazima ikubali gurudumu la meno. Agiza iliyoandikwa kuwa ni ya wawa. Fundi redio atakwambia yake ya elfu mbili ni ileile. Mwambie asante mzee, ukalete ya kwako yeye aichomee tu, na ukae hapohapo mpaka amalize ujaribu ukiwa bado umesimama mezani kwake.